Sebule ya Mwakilishi wa Dawa

Jumatatu, siku yake ya kwanza kazini, Mama Dirisha aliingia hospitali saa mbili kasoro robo asubuhi, akachukua namba kwenye meza ya mapokezi, akakaa kwenye benchi. Namba yake ilikuwa ishirini na mbili. Mkoba wa kampuni aliuweka mapajani, mpya, bado unanuka gundi. Ndani yake mlikuwa na vijarida, kalamu za kugawa, na visanduku vya kidonge kipya cha presha, cheupe, chenye mstari katikati. Alikaa kama alivyolelewa kukaa mbele za watu: magoti pamoja, mdomo umefungwa, zamu ya mtu ni zamu ya mtu.

Zamu yake ilifika saa saba mchana. Kabla hajafungua mkoba, daktari alishamvika mkononi kile kitambaa cha kupimia presha, akakijaza upepo, akatazama mshale, akaguna. Presha ilikuwa juu kidogo. Akaandika dawa, akamwambia apunguze chumvi na mawazo, akapaza sauti, "Anayefuata!" Mama Dirisha akajikuta nje na karatasi ya dawa mkononi, mkoba haujafunguliwa hata zipu.

Getini alikuwa anangojwa na mkufunzi wake, mama mmoja mrefu mwenye viatu vya raba, ambaye kampuni nzima ilimwita Dakika Mbili.

"Umeona madaktari wangapi?"

"Mmoja."

"Umemuuzia?"

Mama Dirisha akampa ile karatasi. Dakika Mbili akaisoma, akaikunja mara nne.

"Kampuni imekutuma kuuza dawa ya presha, wewe umerudi na presha yenyewe," alisema. "Na dawa uliyoandikiwa ni ya washindani wetu."

Hakucheka. Alimshika mkono, wakasogea pembeni, kivulini.

"Sikiliza, mwanangu. Mwakilishi hakai. Akikaa, ameshakuwa mgonjwa. Unasimama kando ya mlango, upande wa kitasa. Mgonjwa akitoka, mguu wako uko ndani kabla muuguzi hajaita namba. Halafu unasemaje?"

"Dakika mbili tu, daktari."

"Ehe! Kumbe unajua."

Alijua. Alifundishwa wiki tatu nzima, katika ukumbi ulio juu ya duka la magodoro, pamoja na wenzake tisa. Walifundishwa moyo unavyosukuma damu na kidonge kinavyoingia kwenye damu hiyo. Walifundishwa kuongea na daktari aliyechoka, daktari mwenye haraka, na daktari anayejifanya hakuoni. Dakika Mbili ndiye aliyejifanya daktari. Alikaa nyuma ya meza akisoma gazeti, akachokonoa meno, akapokea simu ambayo haikulia, na kila mwanafunzi aliingia kwa zamu kumweleza habari za kidonge. "Daktari ana sikio moja," aliwaambia, "na hilo moja limechoka. Mkono mtupu haulambwi: kalamu kwanza, maneno baadaye. Na msiseme 'samahani kwa usumbufu.' Ukishasema umesumbua, umesumbua."

Kwenye mtihani wa dawa Mama Dirisha aliwashinda wote. Miaka tisa alikuwa ameuza dawa kwenye dirisha dogo la duka moja la dawa, na ndiko alikolipata jina lake. Aliwajua wateja kwa mikono yao tu, maana dirisha lilikuwa dogo na sura hazikuonekana. Aliweza kusoma mwandiko wa daktari yeyote, hata ule uliokaa kama njia ya konokono. Kilichomshinda ni kuingia. Hata pale ukumbini, penye mlango wa kuigiza, alibisha hodi mara tatu akasubiri kuitikiwa.

Kazi aliitaka kwa sababu moja. Miaka miwili nyuma, mume wake alikufa kwenye benchi la hospitali ile ile. Alikuwa amekwenda kutibiwa presha. Alikwenda peke yake, maana siku hiyo mkewe alikuwa dirishani na mwenye duka hakutoa ruhusa. Namba yake ilikuwa thelathini na moja. Muuguzi aliita thelathini na moja mara mbili, halafu akaita thelathini na mbili. Watu walidhani amesinzia. Sasa mama yake mzazi, yaani mama mkwe wa Mama Dirisha, alikuwa na ugonjwa ule ule, na kila mwezi alikwenda kukaa kwenye benchi lile lile. Mtu aliyethibitishwa kazini na kampuni alipewa kadi ya matibabu ya familia, ya kwenda hospitali nyingine yenye viti laini. Kupata uthibitisho kulichukua miezi mitatu ya majaribio. Mama Dirisha hakutaka gari wala viatu vya kisigino. Alitaka kumwinua mama mkwe wake kwenye lile benchi kabla halijamchukua na yeye.

Siku ya usaili, meneja alimuuliza maswali mengi ya kawaida, na moja lisilo la kawaida.

"Sebule yako ina ukubwa gani?"

"Ya kawaida. Kochi moja na viti vinne."

"Ukuta wa dirishani una hatua ngapi?"

"Saba."

Meneja akaandika saba. Mama Dirisha alidhani wanataka kujua atahifadhi wapi maboksi.

Jumanne alisimama upande wa kitasa.

Wa kwanza kwenye benchi alikuwa mzee mwenye kofia ya sufu, ameshika kadi yake kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa. Namba yake ilikuwa kumi na nne. Mlango ulifunguka, mgonjwa akatoka, mzee akainuka nusu. Mama Dirisha akafumba macho, akamtaja Mungu kimoyomoyo, akaingia.

"Dakika mbili tu, daktari."

Akatoa kalamu. Akaeleza habari za kidonge, mstari wake wa katikati, na jinsi kinavyokaa mwilini mchana kutwa. Daktari akagonga muhuri kwenye kadi ya ziara aliyopewa na kampuni. Alipotoka, mzee alikuwa bado ameinuka nusu.

"Nisamehe, baba."

"Hamna neno, mwanangu," mzee alisema. "Nimeshazoea."

Wakati huo huo muuguzi alikuja mbio kumwita daktari wodini, na daktari hakurudi mpaka alasiri. Mzee akakaa tena. Mama Dirisha akaenda mlango wa pili, wa tatu, hadi akatimiza madaktari wanane, ambayo ndiyo hesabu ya siku.

Aliporudi nyumbani jioni alimkuta mzee mwenye kofia ya sufu amekaa sebuleni kwake, chini ya dirisha, kwenye benchi ambalo asubuhi halikuwapo. Kadi ilikuwa mikononi mwake. Alikuwa anautazama mlango wa jikoni.

"Mgeni wako amefika saa nyingi," mama mkwe alisema. "Nimemkaribisha chai, hataki. Ni wa wapi huyu?"

"Wa kazini, mama."

Hakuwa mzee mwenyewe. Mzee mwenyewe alionwa siku ile, akapewa dawa, akarudi kwake. Aliyekaa pale alikuwa ni kusubiri kwake tu, pamoja na kofia yake, kadi yake na kile kikohozi kidogo alichokuwa nacho. Baadaye Mama Dirisha alielewa kwamba si kila aliyepitwa alikuja. Walikuja wale tu ambao zile dakika mbili ziliwapotezea kitu: aliyekosa usafiri wa mwisho, aliyekuta maabara imefungwa, aliyekuta dawa yake imekwisha kwa mtu wa mbele yake. Mwisho wa wiki walikuwa watano. Mwisho wa mwezi walikuwa kumi na wanane, na benchi lilikuwa limeshika ukuta wote wa hatua saba, likakata kona.

Hawakuwa na usumbufu. Hawakula, hawakunywa, hawakuugua zaidi ya walivyougua siku ile. Walichohitaji ni pa kukaa. Mara moja moja mmoja aliuliza, "Bado wangapi?" na mwenzake akamjibu kuwa hajui.

"Wanashinda bila kula," mama mkwe alisema, huku akipanga sahani za watu watatu. "Wana adabu kuliko ndugu zetu wa upande wa mjomba."

Binti wa Mama Dirisha, ambaye alikuwa na miaka kumi, aligundua kwamba akisimama mlango wa jikoni na kusema, "Anayefuata!" wote wanainuka nusu. Alifanya hivyo mara mbili. Mara ya tatu bibi yake alimfinya sikio.

"Mtu akingoja, hachezewi. Ukimchezea, na wewe utangojeshwa."

Waliposali jioni, mama na binti na bibi, wale wanaosubiri waliinamisha vichwa pamoja nao. Wengine waliitikia amina. Ila macho yao hayakutoka kwenye mlango wa jikoni.

Kila Ijumaa kulikuwa na kikao cha wawakilishi, pale pale juu ya duka la magodoro. Mama Dirisha alinyoosha mkono.

"Hawa wanaokuja nyumbani. Kampuni ina utaratibu gani?"

Wenzake wakatazama viatu vyao. Meneja akafungua kabrasha, akalamba kidole, akatafuta ukurasa.

"Usiwape chakula. Usiwape ahadi. Usiwahamishe. Mwakilishi anayehama nyumba ajaze fomu." Akafunga kabrasha. "Swali lingine?"

"Mimi wangu wameshafika chumbani," alisema mwenzake mmoja aliyeuza dawa za kisukari.

"Nunua pazia," meneja alijibu.

Wiki iliyofuata Mama Dirisha alijaribu njia nyingine. Siku ya Alhamisi alisimama upande wa kitasa kama kawaida, lakini kila mlango ulipofunguka alirudi nyuma hatua moja, akamwambia mgonjwa, "Pita, ndugu yangu." Walipita wote. Mama mmoja alimwombea dua. Saa tisa alasiri benchi lilikuwa tupu, na daktari alitoka akifunga mlango kwa ufunguo.

"Daktari, dakika mbili tu."

"Kesho, mama. Leo nimechoka."

Siku hiyo alipata muhuri mmoja tu, wa daktari wa meno, ambaye hana matumizi na kidonge cha presha. Nyumbani hakuongezeka mtu. Lakini Dakika Mbili alimpigia simu hata kabla hajavua viatu.

"Muhuri mmoja?"

"Mmoja."

"Wa meno?"

"Wa meno."

"Mwanangu, unafikiri wewe ukirudi nyuma mlango unabaki wazi? Washindani wetu walikuwa na kijana pale pale, upande wa pili wa korido. Amepata mihuri tisa. Wale uliowapisha wewe kwa daktari wa kwanza, yeye amewapita kwa wa pili. Wewe umebaki na dua, yeye ana kazi. Zikifika Alhamisi tatu kama hii, fomu yako ya uthibitisho siisaini."

Mama Dirisha alikata simu. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kochi, miguu imevimba, ameiweka juu ya kigoda. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku yake ya kliniki. Alikuwa anaikunja na kuikunjua kadi yake ya hospitali, ile ya kawaida, ambayo kona zake zilikuwa zimekwisha kwa kushikwa.

Alhamisi nyingine kama hiyo haikutokea.

Mwezi wa tatu ulipokwisha, Mama Dirisha alikuwa na mihuri mingi kuliko wenzake wote tisa, na sebuleni kwake palikuwa na watu hamsini na watatu. Kochi lilihamia jikoni. Binti alifanyia kazi zake za shule kwenye ngazi. Ilibaki saini moja tu, ya mkufunzi, na mkufunzi alikuwa nyumbani kwake na kifundo cha mguu kilichoteguka. Jumamosi asubuhi Mama Dirisha alichukua fomu, akaifuata saini huko.

Nyumba ya Dakika Mbili ilikuwa kubwa, yenye geti na vyumba vingi, lakini mwenyewe aliishi jikoni. Kitanda kilikuwa jikoni, televisheni jikoni, viatu vya raba juu ya jokofu. Kuta za vyumba vingine zilikuwa zimebomolewa ili vishikane, na humo ndani mabenchi yalipangwa safu kwa safu kama katika nyumba ya ibada. Watu wote walitazama upande wa jikoni. Palikuwa kimya, isipokuwa vikohozi.

"Pita katikati," Dakika Mbili alimwita kutoka ndani. "Usiwakanyage miguu."

Mama Dirisha alipita katikati. Katika safu ya nne, wa pili kutoka ukutani, alikuwa mume wake.

Alivaa lile koti la kahawia. Kifungo cha pili kilikuwa cheusi, kimeshonwa kwa uzi mweupe, maana asubuhi ile uzi wa kahawia haukuonekana. Mama Dirisha alikishona mwenyewe huku mumewe amesimama mlangoni akisema atachelewa. Kadi ilikuwa mkononi mwake. Thelathini na moja.

"Bado wangapi?" mume wake aliuliza. Alimuuliza yeyote, hakumuuliza yeye.

"Bado mmoja," Dakika Mbili alijibu kutoka jikoni, kwa sauti ya mtu aliyezoea kujibu.

Mama Dirisha akaenda jikoni, akaweka fomu mezani.

"Yule wa koti la kahawia."

"Yupi? Wa koti la kahawia wako wanne."

"Wa kifungo cheusi."

Dakika Mbili alinyoosha shingo, akatazama. "Aa. Yule ni wa miaka miwili. Siku ile nilikuwa na dawa nyingine, ya presha hiyo hiyo. Daktari alikuwa mgumu, nikakaa naye kidogo. Nilipotoka wakawa wanamwita, haitiki." Akamtazama Mama Dirisha usoni. "Ni ndugu yako?"

"Ni mume wangu."

Dakika Mbili alishusha mguu wake mbovu kutoka kwenye kiti, akakisukuma kile kiti kuelekea kwa Mama Dirisha. Hakusema pole. Alikuwa ni mtu aliyewafundisha wengine wasiombe radhi, na pengine mdomo wake ulikuwa umesahau njia.

"Nataka niende naye nyumbani."

"Hawahami. Nilishajaribu. Alikuja mama mmoja kumfuata mwanawe, nikamwambia mchukue, na baraka zangu. Walifika mpaka getini. Mtoto akageuka, akarudi akakaa pale pale." Akanyoosha kidole kwenye safu ya kwanza, penye mtoto mwenye soksi moja. "Hawamngojei daktari, mwanangu. Daktari alishakwenda zake. Wanamngojea aliyeingia atoke. Na mimi bado niko ndani."

"Si utoke, basi."

"Nitokee wapi? Nikiacha kazi leo, watakaa hapa hapa. Yule aliyekuwa kabla yangu aliacha. Ana miaka themanini sasa, na wanaomngoja wapo, nao hawajainuka." Akaivuta fomu. "Haya. Nikisaini, utaendelea kujaza sebule. Nisiposaini, kuna wasichana ishirini waliosomea kazi hii wanaongoja nafasi yako, na sebule zao wameshazipima. Mume wako atabaki safu ya nne. Niambie wewe."

Nje palikuwa na mtu anafagia uwanja wa jirani. Fagio lilikwenda na kurudi. Mama Dirisha aliifikiria miguu ya mama mkwe juu ya kigoda. Alifikiria ile kadi iliyokwisha kona, na benchi, na sauti ya muuguzi ikiita mara mbili halafu ikiita namba inayofuata.

"Saini," alisema.

Dakika Mbili akasaini. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa mtu aliyesoma.

Kabla ya kuondoka, Mama Dirisha alikwenda safu ya nne. Alimwomba radhi mama aliyekuwa mwisho wa benchi, yule mama akasogea, na watu wote wakasogea kidogo kidogo, kama wanavyosogea watu wa hospitali, mpaka nafasi ikapatikana. Akakaa karibu na mume wake. Mwakilishi hakai, lakini alikaa. Alikaa saa nzima, magoti pamoja, mkoba mapajani. Mume wake alinukia sabuni ya asubuhi ile.

"Bado wangapi?" alimuuliza.

"Bado mmoja," mke wake alimjibu.

Jioni alimweleza mama mkwe. Alimweleza wakiwa jikoni, wamekaa kwenye kochi, mlango wa sebuleni umerudishwa. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mboga.

"Amekonda?"

"Hajakonda. Yuko vile vile."

"Koti analo?"

"Analo."

"Afadhali. Kule hospitali kuna upepo." Mama mkwe akachambua majani mengine mawili matatu, akayaacha. "Mwanangu hakuwa na subira hata ya chai kupoa. Alikuwa anaungua ulimi kila siku ya Mungu. Leo tazama."

Tangu hapo kila Jumamosi mama mkwe alikwenda kwa Dakika Mbili, akakaa safu ya nne mpaka alasiri. Alibeba kazi yake ya kufuma. Dakika Mbili alimzoea, wakawa wanaongea kupitia mlango wa jikoni, habari za miguu na bei za sokoni. Mama mkwe hakumlaani. Alisema kulaani ni kazi ya mtu mwenye nafasi, na yeye nafasi hana, ana mtoto wa kuangalia.

Kadi ya matibabu ilikuja kwenye bahasha ngumu, ina picha na jina. Mama mkwe alioga asubuhi na mapema, akavaa nguo yake ya ibada, akaenda hospitali ya viti laini. Alirudi mchana.

"Vipi, mama?"

"Pazuri. Viti vinamshika mtu mpaka hataki kuinuka. Maji ya kunywa, ya baridi na ya moto. Namba haziitwi kwa mdomo, zinaonekana ukutani, nyekundu." Akavua viatu. "Nilikuwa wa tatu. Mlango ukafunguka, akaingia kijana mmoja mtanashati, ana mkoba kama wako. Akasema dakika mbili."

Mama Dirisha aliacha kukoroga chungu.

"Umepoteza kitu?"

"Sijui. Daktari aliondoka, nikaonwa na mwanafunzi wake. Ameniambia dawa ni zile zile." Mama mkwe alinyoosha miguu juu ya kigoda, akaitazama. "Saa hizi nitakuwa nimekaa kwa yule kijana. Natumaini kwake kuna dirisha."

Wakati huo kampuni ilikuwa imempandisha Mama Dirisha daraja. Alipewa wanafunzi wanne wa kufundisha. Aliwafundisha vizuri, kwa upole, na wote walifaulu. Kwenye usaili wao ni yeye aliyekuwa na karatasi ya maswali, na alipofika kwenye lile la sebule aliliuliza kama lilivyoandikwa, akaandika majibu.

Jumamosi moja, mama mkwe akiwa safu ya nne, mlango wa Mama Dirisha uligongwa. Alikuwa mwanamke wa makamo, amefunga kitambaa cheusi kichwani, viatu vina vumbi la njia ndefu.

"Hapa ni kwa mwakilishi wa dawa ya presha?"

"Ndimi."

"Namtafuta baba yangu. Ana kofia ya sufu. Namba yake kumi na nne." Akashika fremu ya mlango. "Tumemzika juzi. Nimeambiwa kusubiri kwake kuko hapa."

"Karibu ndani. Ni wa kwanza, pale chini ya dirisha."

Mwanamke aliingia. Aliwasalimu wote kwa pamoja kama mtu anayeingia msibani, akapita kwa uangalifu bila kukanyaga miguu, akasimama mbele ya mzee. Akamweka sawa ile kofia, iliyokuwa imeenda upande.

"Ulimpita kwa muda gani?" aliuliza bila kugeuka.

"Dakika mbili."

"Dakika mbili tu?"

"Tu."

Mwanamke alitikisa kichwa taratibu, kama anayekubali bei. "Siku ile alirudi jioni, jua limekwisha. Alinyeshewa njiani. Kile kifua hakikupona tena." Halafu akasema, "Sogea, baba," na mzee akasogea, na wale hamsini na wenzao wakasogea, akakaa.

"Bado wangapi?" mzee aliuliza.

Mwanamke akamtazama Mama Dirisha.

"Bado mmoja," Mama Dirisha alijibu. Akaenda jikoni kuchemsha maji ya chai, ya mtu mmoja, maana wengine hawanywi.

Jumatatu, saa mbili kasoro robo, alisimama kando ya mlango upande wa kitasa. Mkoba haukunuka gundi tena. Kwenye benchi wa kwanza alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni, anamtuliza kwa kumpigapiga, namba yake ameishika mdomoni ili mikono iwe huru. Mlango ulifunguka. Yule mama akaitoa namba mdomoni, akainuka nusu.

Mama Dirisha alikuwa ameshaingia.